Siku Sebule Ilipotoka Nje

Kulikuwa na nchi, na bado ipo, ila jina lake tuliache pale pale lilipo, maana wenyewe ni wepesi wa kuudhika. Ilikuwa nchi ya amani. Mvua zilinyesha kwa wakati wake, raia walifurahi kwa kiasi kilichopangwa, na jambo moja tu liliwakera viongozi: watu wa nchi ile walikaa nje bila kufundishwa.

Walikaa kila mahali. Ungewaona kwenye mabaraza ya mawe yaliyoshikamana na kuta za nyumba zao, wakinywa kahawa, wakichambua mchele, wakisutana asubuhi na kupatana jioni. Hakuna aliyewapa kibali. Hakuna aliyewaitia semina. Walikaa tu kama walivyokaa babu zao, na jambo kama hilo, ukiwa waziri, linaweza kukunyima usingizi.

Katika mji mkuu, mtaa wa Mkunguni, kando ya barabara iendayo kiwanja cha ndege, palikuwa na nyumba ya Bi Mize. Nyumba kongwe ya chokaa, mlango mzito wa mbao, sebule ndefu yenye ubaridi, na nyuma ua wenye jiko na mlangilangi mmoja uliokuwa ukinukia bila kuombwa. Ilikuwa nyumba ya kona. Baraza lake halikuwa mbele kama ya majirani. Lilikuwa ubavuni, upande wa kichochoro, penye kivuli mchana kutwa na upepo usio na makuu.

Hapo ndipo alipokaa Mzee Vuai, mume wake.

Mzee Vuai alikuwa refa wa mpira. Alikimbia viwanja vyote vya nchi, akatukanwa kwa lafudhi za mikoa yote, na alipostaafu miguu nayo ikastaafu. Sasa safari yake ilikuwa moja: kutoka kitandani, kupita uani, kutokea mlango mdogo wa kichochoroni, mpaka barazani. Akifika alikaa kwenye bonde alilolichimba kwa makalio yake mwenyewe, akatia filimbi mdomoni na kuuchezesha mtaa. Mwenye mkokoteni akimkata mwenzake, filimbi. Mama akimsema jirani aliyeuguza, kadi ya njano. Vijana wa pikipiki walimwogopa kuliko askari wa barabarani, maana na askari waliweza kuzungumza pembeni. Mzee Vuai hakuwa na pembeni.

Masika moja mvua ilikataa kukatika, Mzee Vuai akabaki ndani msimu mzima. Kwanza akaacha kutania. Kisha akaacha kula pilipili. Mwisho akaacha kusema, akawa anautazama ukuta kama mtu anayesubiri basi lililofutwa. Bi Mize alikuwa akikata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika, mradi apate sababu ya machozi yake. Mvua ilipokatika, wakamtoa, wakamkalisha, na mkokoteni wa kwanza uliopita ukapigiwa filimbi iliyoruka mpaka mtaa wa pili. Tangu siku hiyo Bi Mize akajua kuwa lile si jiwe la kukalia. Hapo ndipo pumzi ya mumewe ilipowekwa.

*

Sasa, Mtukufu Rais wa nchi ile, ambaye jina lake na vyeo vyake vilikula nusu ya taarifa ya habari, alikuwa na goti. Sote tuna magoti, lakini lake lilikuwa la taifa, kwa hiyo lilitibiwa ng'ambo. Akiwa huko, kwenye hoteli, alifungua pazia asubuhi akaona ajabu.

"Kochi!" alimpigia simu waziri wake kabla hata daktari hajafika. "Fikirini, kochi liko nje! Na kuna mtu kalikalia!"

"Nje kabisa, Mtukufu?"

"Nje kabisa! Zulia chini, taa juu, ndani kumetoka nje! Wenzetu wametuacha mbali!"

Mheshimiwa Fikirini aliyepigiwa simu asubuhi alikuwa Waziri wa Mifugo. Mchana akawa Waziri wa Makao ya Nje. Ng'ombe wakabaki bila msemaji, na kwa taarifa zilizopo walinenepa.

Goti liliporudi nyumbani, Waziri aliita mkutano wa hadhara, akapanda jukwaani na suti ya vipande vitatu kwenye jua la saa saba.

"Ndugu wananchi!" alisema, akijipangusa. "Tumekaa nje kiholela tangu enzi na enzi! Mtu anatoka ndani, anakaa. Namuuliza, umekaaje? Ananiambia, nimekaa tu! Ndugu zangu, taifa haliwezi kwenda mbele na watu waliokaa tu! Hakuna dhana! Hakuna mtiririko! Kuanzia leo ndani kutatoka kuja nje kwa utaratibu, chini ya usimamizi, na kila nyumba itakuwa na Sebule ya Nje! Na mabaraza haya ya mawe, ambayo hayana hata mto wa kuegemea, yatavunjwa!"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa walikuwa wamesimama juani na makofi ndiyo yaliyokuwa yakimaliza hotuba katika nchi ile.

*

Nyumba ya Bi Mize ilichaguliwa kuwa ya mfano. Heshima hiyo ililetwa na Mbunifu Mkuu wa Wizara, Bwana Sudi Kachenje, kijana mtanashati mwenye miwani miwili, mmoja wa kutazamia nyumba na mwingine wa kutazamwa nao. Alizunguka sebuleni, akainamisha kichwa, akafumba jicho.

"Bibi," akasema, "ndani kwako hakuzungumzi na nje."

"Ndani kwangu, baba, hakujawahi kukosa mazungumzo. Muulize jirani."

"Nina maana jicho linakwama. Likitoka kwenye kochi linagonga mlango. Tunataka jicho litiririke."

"Jicho langu likitiririka natiwa dawa."

Sudi akacheka kwa adabu, akafungua mchoro wake barazani, pembeni ya Mzee Vuai. Mbele ya nyumba, mahali palipokuwa na vumbi na kuku wa watu, palichorwa makochi, zulia, kabati la runinga, taa ya kuning'inia, na picha ya Mtukufu ikitazama barabara. Upande wa kichochoro palikuwa peupe.

"Na hapa nilipo?" akauliza Mzee Vuai.

"Hapo, mzee wangu, hapapo tena. Mtukufu atakuja mwenyewe siku ya uzinduzi kulivunja kwa nyundo ya fedha. Ni heshima kubwa."

"Mie nitakaa wapi?"

"Kwenye kochi!"

Mzee Vuai akamtazama mkewe. Bi Mize akaona mkono wake umeshika ukingo wa jiwe, kama mtoto anayeshika khanga ya mama sokoni.

"Hebu nieleweshe, mwanangu," Bi Mize akasema taratibu. "Hiyo Sebule yako ya Nje, ni nje au ni ndani?"

"Ah, hapo ndipo penye ubunifu! Kwa macho ni nje. Kwa sheria ni ndani. Ndani kamili, bibi, na heshima zake zote. Anayeingia bila kukaribishwa ni mvamizi, anatiwa korokoroni."

"Heshima zake zote?"

"Zote! Mtukufu ametia saini."

"Haya," Bi Mize akasema. "Tumesikia."

*

Mabaraza ya majirani yakavunjwa, makochi yakaja kila nyumba na nailoni yake, na Wizara ikaamuru nailoni isitolewe, ili ubora uonekane. Kikaja na kiyoyozi, kikafungwa kwenye nguzo, kikawa kinapuliza baridi kuelekea bandarini. Kuku wa mtaa walilipenda zulia sana. Kisha Mheshimiwa Fikirini, kwa hamasa, akaona ni aibu sebule kuishia ukingoni mwa lami; akaamuru za upande huu zikutane na za upande ule katikati ya barabara. Mtaa mzima wa Mkunguni, kwa sheria, ukawa ndani.

Na kwa kuwa nchi ile ilikuwa na watu waliolelewa, mambo yakafuata mkondo wake. Huwezi kukanyaga sebule ya mtu na viatu. Huwezi kupita bila hodi. Na ukipiga hodi, mwenye nyumba hawezi kukuacha uende bila kukuuliza wa kwenu.

Muuza maziwa alipiga hodi nyumba ya kwanza, akakaribishwa, akaulizwa mke, watoto, mkwe, akanyweshwa chai ya maziwa yake mwenyewe; nyumba ya pili vivyo hivyo; alipofika mwisho wa mtaa alikuwa anauza mtindi. Vijana wa pikipiki walizima injini, wakavua ndala, wakasukuma pikipiki zao juu ya mazulia huku wakisema "tupisheni jamani, samahani shangazi." Mwizi wa kuku aliyekuwa akifukuzwa alifika ukingoni, akavua viatu, akapiga hodi, akaitikiwa kwa mazoea. Askari waliokuwa nyuma yake walikuwa na buti za kamba ndefu. Walipomaliza kuzifungua, mwizi alikuwa ameshakula wali na, kwa masikitiko, kuku wa nyumba hiyo, akaaga vizuri na kuondoka.

Pahali pamoja tu palisalimika. Baraza la Bi Mize, kwa kuwa mchoroni lilikuwa limekwisha vunjwa, halikuhesabiwa kuwa ndani. Ndilo lililobaki kuwa nje katika mtaa mzima, na kila aliyechoka na hodi alikuja kupumzika hapo, mpaka ikabidi watu wakae mapajani. Mzee Vuai alifurahi kama aliyepewa fainali.

Wizara ikasikia. Ikaja na kamba nyekundu, ikalizungushia baraza, ikaweka kibao: *Hapa Hapapo.* Ni marufuku kukaa mpaka Mtukufu aje na nyundo.

*

Wakamhamishia Mzee Vuai kwenye kochi la taifa. Aliteleza kwenye nailoni kama kambare, wakamzuia kwa mito. Akatia filimbi mdomoni, akangoja. Ukaja mkokoteni, mwenye nao kabeba magunia kupita kiasi na anamsukuma mtu mzima. Mzee Vuai akavuta pumzi.

"Hodi wenyewe," akasema mwenye mkokoteni, kandambili mkononi.

Filimbi ikashuka. "Karibu," akasema Mzee Vuai.

Siku nzima ikawa hivyo. Aliyekosa, mgeni. Aliyetukana, mgeni. Na mgeni hapulizwi filimbi sebuleni kwako; hata refa ana mama aliyemlea. Jioni akaomba arudishwe ndani. Akalala, akageukia ukuta, akamnyooshea mkewe filimbi na kamba yake.

"Itie kabatini, Mize."

"Kesho utaitaka."

"Mechi imeisha, bibi."

Alimwita *bibi*. Maisha yao yote, hata walipogombana, alikuwa akimwita *mwali wangu*. Bi Mize akaenda uani, akatafuta kitunguu.

Zilipita siku, na Mzee Vuai hakusema jingine. Pilipili ikarudi jikoni jinsi ilivyokwenda.

*

Siku ya uzinduzi mtaa uliamshwa na bendi. Bi Mize alikuwa amefundishwa na watu wa Wizara: asimame mlangoni na shada la maua, Mtukufu akipiga hodi aseme, "Karibu, Mtukufu, sebule ni yako na sisi ni wako." Alijifunza vizuri, hata akasifiwa matamshi. Asubuhi hiyo akavaa, akajifukiza udi, akaenda chumbani kumwonyesha mumewe alivyopendeza. Mumewe alikuwa anautazama ukuta.

Bi Mize akasimama hapo kidogo. Kisha akaenda mlango wa mbele, akaufunga, akatia komeo, akarudi chumbani na sinia la vitunguu, akakaa chini kwenye mkeka.

Msafara wa magari ukafika. Ukasimama ukingoni mwa zulia, kwa kuwa magari hayawezi kuvua matairi. Mtukufu akashuka na goti lake, akavuliwa viatu. Mawaziri wote wakabaki na soksi, na wananchi wakajua mengi kuhusu mawaziri wao. Kamera za runinga zilikuwa zikirusha moja kwa moja. Nyundo ya fedha ilibebwa juu ya mto wa mahameri.

Mkuu wa Itifaki akashika kipaza sauti. "HODI!"

Kimya. Kuku mmoja akajibu, lakini hakuwa wa nyumba ile.

"Mwenye nyumba anajipamba," akasema Mheshimiwa Fikirini akicheka na kamera. Akachukua kipaza sauti mwenyewe. "Hodi, hodi, mama! Ni Serikali!"

Majirani walikuwa wamejaa wima kwenye sebule zao. Hakuna aliyeitika. Nyumba si yao.

Chumbani, Mzee Vuai akageuza shingo. "Mize," akasema, na sauti yake ilikuwa na kutu. "Watu wanapiga hodi."

"Nawasikia."

"Mbona huitiki?"

"Wamekuja na nyundo kuvunja mahali pako. Niwaambie karibuni?"

Mzee Vuai akafikiri. "Ya ngapi hiyo?"

"Ya pili."

"Ooh," akasema mzee, na kitu kikamchezacheza pembeni mwa mdomo.

Nje, Mtukufu alikuwa amechoka kusimama. Akapokea kipaza sauti, akakisogeza kando, akapiga hodi kwa sauti yake mwenyewe, ile aliyokuwa nayo kabla hajawa Mtukufu. "Hodi hapa!"

Mtaa mzima ukazuia pumzi. Kila mtu katika nchi ile, hata mtoto wa chekechea, alijua: hodi ni tatu. Usipoitikiwa ya tatu, unageuka, unakwenda zako, na wala hununi. Mwenye nyumba huenda amelala, anaoga, au hataki kukuona. Ni ndani kwake.

Hakuna aliyeitika.

Mguu wa Mtukufu ulikuwa umekwisha inuliwa juu ya zulia, kidole gumba kikichungulia kwenye soksi. Ukabaki hewani.

"Pita tu, Mtukufu," akanong'ona Mheshimiwa Fikirini. "Ni sebule."

"Ndiyo maana sipiti," akasema Mtukufu kwa kusaga meno. "Nipite nyumba ya watu, nchi nzima inaniona? Bibi yangu atafufuka anichape. Nani aliandika kuwa hapa ni ndani?"

"Ni wewe, Mtukufu. Kwa hekima kubwa."

Mguu ukarudi chini. Goti likalia. "Nataka kukaa," akasema Rais.

Ikawa balaa. Makochi yalikuwa mamia, yanameremeta kwa nailoni, lakini kila moja lilikuwa ndani kwa mtu. Walinzi wakatazama huku na huku, mwisho macho yakatua kichochoroni.

"Pale je?"

Sudi Kachenje akatetemeka mpaka miwani yote miwili ikapishana. "Pale, Mtukufu, kwa mujibu wa mchoro, hapapo."

"Hapapo vipi na mimi napaona?"

"Karatasini pameshavunjwa."

"Basi nitakaa pasipokuwapo," akasema Mtukufu. Akazungukia kichochoroni, akainua kamba nyekundu, akajishusha kwenye bonde la jiwe. Kivuli kikampokea. Upepo ukaja bila hotuba. Goti la taifa, lililogharimu hoteli nzima, likanyooka lenyewe.

"Aaaa," akasema Mtukufu.

Dirisha la chumba cha Mzee Vuai lilikuwa juu ya baraza. Aaaa ile ikaingia, ikamkuta.

"Mize! Mtu kakaa mahali pangu!"

"Ni Rais."

"Hata awe nani! Filimbi yangu iko wapi?"

Bi Mize hakuikumbuka njia ya kwenda kabatini, alijikuta amerudi. Mzee Vuai akashika fimbo, akapita uani chini ya mlangilangi, akasukuma mlango mdogo, akatokea kichochoroni mbele ya walinzi, mawaziri, bendi na runinga. Akavuta pumzi ya siku zote zile.

*Priiiiii!*

Mtukufu akaruka wima. Mheshimiwa Fikirini akaanguka, na hakuna aliyejishughulisha naye.

"Umeotea, mwanangu!" akasema Mzee Vuai. "Sogea huko. Hapo pana mwenyewe."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Rais wa nchi ile asogee. Rais akatazama kamera, akatazama filimbi, akatazama ile nyundo juu ya mahameri. Kisha akakaa tena, akasogea.

"Zaidi," akasema refa.

Akasogea zaidi. Mzee Vuai akajishusha kwenye bonde lake, wakakaa wawili, jioni ikiwapita miguuni, mpaka mwenye kahawa akajitokeza na kikombe cha kwanza.

*

Taarifa ya habari ya usiku ilitangaza ushindi. Mtukufu, baada ya utafiti wa kina alioufanya kwa kukaa, alikuwa amevumbua Makao ya Nje Yasiyo na Hodi, ya kwanza ya aina yake duniani, na kila nyumba ingejengewa lake. Sheria ya sebule ilifutwa, makochi yakapelekwa ikulu, Sudi Kachenje akapewa nishani kwa kuacha ile sehemu nyeupe. Mheshimiwa Fikirini alirudishwa kwa ng'ombe, ambao hawakutoa maoni.

Asubuhi yake wakaja watu wa Wizara na kibao cha shaba. Wakakipigilia ukutani, juu ya kichwa cha Mzee Vuai, kwa ile nyundo ya fedha, iliyokosa kazi nyingine. Bi Mize akatoka na kisu mkononi, akakisoma kwa sauti: "Baraza hili limebuniwa na kujengwa na Serikali."

Akamtazama mumewe, akingojea ghadhabu.

Mzee Vuai akakichunguza kibao kwa utulivu. Akaupima msumari kwa kidole, akavua kofia, akaitundika.

"Wamejenga vizuri," akasema. "Miaka yote hiyo sikuwa na pa kutundika kofia. Au vipi, mwali wangu?"

Bi Mize aligeuka haraka, akaingia zake uani. Nyuma yake filimbi ikalia, mkokoteni ukakwama, na sauti ikapaa juu ya mapaa, "Kadi ya njano!" Naye akafika jikoni, akatwaa kitunguu kingine, ingawa alivyokwisha kukata vilikuwa vinatosha kabisa.